Namba iliyo juu ya jalada la mdogo wangu

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya juma lililopita kuhusu kijana aliyeacha unga, yaani heroini, kwa nia yake mwenyewe. Kijana huyo namwombea heri. Ila mwandishi wenu hakuishia hapo. Alisema wanaokunywa methadoni, dawa mbadala ya unga inayotolewa kliniki, hawajaacha kitu, wamehama tu ulevi. Sentensi hiyo aliisoma pia mdogo wangu, tukiwa tumekaa pamoja. Akalikunja gazeti, akaniuliza: "Dada, kwa hiyo mimi bado?"

Nimefanya kazi ya masjala miaka 31 hadi nilipostaafu. Mtu wa masjala akiona namba juu ya jalada hatulii mpaka ajue ni ya nini. Siku mdogo wangu alipofunguliwa faili, daktari aliandika F11.2, nami nikauliza. Akanieleza kwamba F11, katika toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ni matatizo ya akili na tabia yanayotokana na afyuni na jamaa zake: heroini, mofini, kodeini na wengineo. Ile .2 ya mwisho ni utegemezi. Hauandikwi kwa kumtazama mtu alivyochakaa. Zipo dalili sita, na daktari hutafuta angalau tatu zilizokuwepo pamoja ndani ya mwaka uliopita: hamu kali, kushindwa kujizuia, arosto (mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea), kipimo kupanda, kuacha shughuli nyingine zote, na kuendelea kutumia huku mtu anaona wazi kwamba anaumia. Nilizihesabu kimoyomoyo nikiwa nimeketi pale. Alikuwa nazo zote sita.

Ilianza na mguu. Alivunjika, akapasuliwa, akapewa vidonge vya maumivu. Mguu ukapona, yeye akaendelea kuvitafuta vidonge. Vilipoadimika akaingia kwenye unga. Jinsi alivyouza cherehani ya mama sitaeleza, kwa sababu kila nyumba yenye teja ina cherehani yake.

Mara ya kwanza aliacha vivyo hivyo mnavyosifu, kwa nia. Arosto ilimwanza siku hiyohiyo kwa miayo, machozi na kamasi, kisha malaika wakamsimama, tumbo likamkata, akaharisha. Siku ya pili na ya tatu nisingependa kuziona tena. Wiki ilipokwisha akaanza kula. Tukampeleka kwenye nyumba ya kulelea waraibu, akakaa wiki sita hajagusa kitu. Akatoka amenawiri, mashavu yamejaa. Watu walitupa hongera, nasi tukazipokea.

Siku ya nne baada ya kurudi alilala mchana. Tukamsikia anakoroma. Ulikuwa mkoromo mzito, kama wenye maji ndani, halafu kimya kirefu, halafu mwingine. Nami nikaenda kupunguza redio ili asiamke. Mhariri, hilo ndilo nililolifanya: nilipunguza redio. Nilidhani mwili unalipa deni la usingizi. Binti yangu ndiye aliyeingia chumbani kutafuta chaja, akatoka mbio akisema kucha za mjomba zimekuwa za buluu. Nilipomfunua macho, mboni zilikuwa nukta mbili za kalamu.

Hospitali alichomwa sindano ya nalokisoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini. Dakika chache tu, akakohoa, akaketi, akatutukana wote, akataka kuondoka. Muuguzi akamkatalia. Alisema dawa ile inaweza kuisha nguvu ndani ya saa moja hivi, wakati unga bado umo mwilini, na pumzi zikashuka tena. Tulimwona kama anatubana bure. Haukupita muda mrefu mkoromo ukarudi, akachomwa ya pili.

Baadaye alikiri kwamba alikuwa amepiga kiasi kilekile cha zamani. Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumekifanya. Wiki sita zilitosha mwili kusahau mazoea. Kiasi ambacho zamani kilimwondolea arosto tu, sasa kilikuwa kinamsimamishia pumzi. Ndiyo maana mtu anayetoka jela au mahali pa kuachia unga huwa karibu zaidi na kifo katika wiki mbili za mwanzo kuliko siku alizokuwa akitumia kila asubuhi. Ile orodha ya namba ilikuwa imetuonya, laiti ningeisoma mapema. Wakati ule hali yake ilikuwa na namba yake, F11.21: kwa sasa hatumii, lakini yuko katika mazingira yenye ulinzi. Tukamtoa kwenye ulinzi, tukampa hongera.

Leo jalada lake limeandikwa F11.22, maana yake yuko kwenye dawa mbadala chini ya usimamizi wa kitabibu. Kila asubuhi anasimama dirishani, anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya mhudumu, kisha anasemeshwa mawili matatu ili ionekane amemeza. (Wao huongea habari za mpira. Mhudumu ni shabiki wa timu nyingine.) Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hapandi wala hashuki, hapati stimu, wala haamki na arosto. Jambo hili si la jana. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walilianza New York miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiweka methadoni, pamoja na dawa mbadala nyingine iitwayo buprenofini, kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Sikatai kwamba methadoni nayo ni jamaa wa afyuni. Asiyeizoea inaweza kumuua, ndiyo sababu inapimwa kwa mililita na haigawiwi kama peremende. Sikatai pia kwamba mdogo wangu akiikosa, arosto itamrudia. Lakini zile dalili sita nilizihesabu upya baada ya kusoma makala yenu. Kipimo chake hakijapanda miaka miwili sasa. Anafanya kazi. Ananipa funguo za nyumba yake, nami ninampa za kwangu. Mara moja moja hamu humjia, hasa akipita sehemu fulani, basi huzunguka njia nyingine. Kama huko ndiko kuhama ulevi, mwandishi wenu aje amtafutie neno yule aliyekuwa amelala mle chumbani na kucha za buluu.

Ninachoomba ni masahihisho, na pale mlipomweka yule kijana akitabasamu muweke siku moja mambo ya kutazamwa: mkoromo usio wa kawaida, pumzi za kuhesabika, midomo na kucha kubadilika rangi, mboni kuwa nukta, na mtu kutoamka akitikiswa. Mtu wa namna hiyo haachwi alale. Hupelekwa hospitali upesi.

Nimalizie na hili, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baada ya gazeti lile, mdogo wangu hakwenda kliniki Jumanne. Jumatano pia hakwenda. Alisema anataka ajaribu kwa nia. Alhamisi alfajiri nilimkuta anapiga miayo na kufuta machozi, nikamsindikiza mwenyewe. Mhudumu hakuongea mpira siku hiyo. Kabla ya kumpimia alimuuliza amekosa siku ngapi, maana siku zikiongezeka kipimo cha kawaida nacho huwa hatari. Akajibu "mbili", akanitazama mimi kwanza kabla ya kukipokea kikombe.

Dada mtu,
karani wa masjala mstaafu