Aibu ya mgeni si mali ya kituo

Mhariri,

Vipindi vya runinga vinavyowaita mume na mke studio wakatoboleane siri za ndani mbele ya nchi nzima vimezidi, na ninaomba nafasi katika gazeti lako niseme.

Mimi ni mshonaji wa madera hapa Majengo. Runinga dukani hukesha inasema, na mtindo wa vipindi hivi nimeujua. Mtangazaji humwandama mgeni mpaka machozi yamlengelenge, amuulize, "Huyu mtoto ni wa nani?" Kisha twaambiwa tusibanduke. Hapo huingia sabuni, mafuta ya kupikia, kamari. Mwenye sabuni amelipia sekunde zile kwa kuwa ajua hatuinuki. Kilichotugandisha vitini ni fedheha ya yule mwanamke, na pesa za fedheha hiyo huingia kituoni. Yeye hupewa nauli.

Mteja wangu mmoja aliitwa na kituo fulani Nairobi. Alikwenda akitaraji baba wa mwanawe ataona haya, atoe matunzo. Alieleza mengi: karo, kodi ya nyumba, mtoto mwenye pumu. Kilichosambaa kwenye simu zetu ni kipande kifupi tu, pale alipokiri kuwa kulikuwa na mwanamume mwingine. Haukupita muda, watoto wenziwe madrasani wakawa wamwita mwanawe kwa jina la mwanamume huyo. Mtoto hataki tena kwenda chuoni. Matunzo hayajaja.

Shauri kama hilo lina pahala pake. Iko mahakama ya watoto pale Tononoka, na sheria yetu yakataza kutangaza jina au picha ya mtoto ambaye kesi yake iko mahakamani humo. Vipi basi kile ambacho hakimu hukifungia mlango, mtangazaji akitangaze saa tisa mchana? Kanuni za utangazaji hapa Kenya zataka vipindi vya kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vifae kutazamwa na familia nzima.

Sisemi turudi kunyamaza. Sitara yetu ya pwani imefunika vipigo vingi, na najua wanawake waliozikwa nayo. Oprah Winfrey, mtangazaji wa Marekani, alipoeleza kwenye kipindi chake mwaka 1986 kwamba alinajisiwa utotoni, wengi walipata ujasiri wa kusema yao. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake yeye. Mgeni wetu hana hata uwezo wa kusema kipande hiki kiondolewe. Huko Uingereza, kituo cha ITV kilifunga kipindi cha Jeremy Kyle, cha mtindo huu huu, mwaka 2019 baada ya mgeni mmoja kufariki muda mfupi tangu arekodiwe. Kilikuwa hewani tangu 2005.

Ninaloomba si kubwa. Kipindi cha namna hii kirekodiwe, mgeni akione kabla hakijarushwa, na akisema hapana iwe hapana. Mtoto asitajwe wala picha yake isionyeshwe, hata mama akiridhia, kwa sababu yeye hakuulizwa. Na kampuni zinazodhamini ziyaandike masharti hayo katika mikataba yao na vituo. Wateja wao ni sisi, na mimi sabuni yangu nimeshabadilisha.

Mshonaji,
Majengo, Mombasa