Tusiwanyoe mbwa wenye manyoya mazito kwa sababu ya joto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo linalonihuzunisha kila msimu wa joto unapowadia hapa Dar es Salaam, nalo ni tabia ya kuwanyoa mbwa wenye manyoya mazito kwa imani kwamba wanapunguziwa joto. Kuanzia Desemba hadi Machi, jua linapochoma na unyevu wa bahari ukaifanya hewa kuwa nzito hata usiku, si ajabu kupita mitaa ya Mbezi Beach, Tegeta au Kigamboni na kumwona German Shepherd au Husky aliyenyolewa mgongo mzima hadi ngozi inaonekana, huku mwenye mbwa akiamini kabisa kwamba ametenda wema. Nia yake siilaumu hata kidogo. Ninachokipinga ni kitendo chenyewe, kwa kuwa kinamwondolea mnyama kinga aliyozaliwa nayo na wala hakimpunguzii joto kama inavyodhaniwa.

Mbwa ninaowazungumzia wana manyoya ya tabaka mbili. Tabaka la ndani ni fupi, laini na limeshonana mithili ya sufi, na kazi yake ni kushikilia hewa karibu na ngozi. Tabaka la nje lina manyoya marefu zaidi na magumu kidogo, ambayo hutiririsha maji ya mvua yasipenye na kuikinga ngozi dhidi ya miale ya jua. Wamo katika kundi hili German Shepherd, Husky, Golden Retriever, Chow Chow, Akita na hata Pomeranian mdogo anayelelewa ndani ya nyumba. Yumo pia Labrador, ingawa wengi hawamdhanii kwa sababu manyoya yake ni mafupi.

Chanzo cha kosa hili, kwa maoni yangu, ni kwamba tunampima mbwa kwa miili yetu. Binadamu hutoka jasho mwili mzima, na upepo ukilipiga jasho hilo tunapata nafuu, ndiyo maana tukinyoa nywele tunajisikia wepesi. Mbwa hajaumbwa hivyo. Tezi zake za jasho zenye msaada katika kupoza mwili ziko kwenye nyayo tu, na joto lililo nyingi hulitoa kwa kuhema haraka, mdomo wazi na ulimi nje, ili unyevu wa kinywani na kwenye njia ya hewa ukauke na kuondoka na joto. Ukimnyoa mgongo hujagusa njia hiyo, bali umeiweka ngozi yake juani. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko letu, na ngozi iliyokuwa imefunikwa tangu siku ya kuzaliwa haiwezi kuhimili jua la saa saba mchana la pwani bila kuungua.

Liko pia suala la manyoya kuota upya, ambalo wanyoaji wengi hawalielezi kwa wateja wao. Manyoya ya ndani huwahi kuota, ya nje huchelewa, na matokeo yake mwili hufunikwa na manyoya laini yasiyo na mpangilio, yanayonasa vumbi, mbegu za majani na maji. Katika baadhi ya mbwa, hasa Husky, Chow Chow na Pomeranian, sehemu iliyonyolewa inaweza kubaki na mabaka ya upara kwa miezi mingi, na wapo ambao huvuka mwaka. Mtaani kwetu yupo German Shepherd aliyenyolewa mwanzoni mwa kiangazi, na mvua za masika zilipofika mgongo wake ulikuwa bado na viraka vya kijivu vilivyosimama kama vumbi la pamba, ngozi kati ya viraka hivyo ikiwa nyekundu na yenye magamba, na kila mvua iliponyesha maji yaliingia moja kwa moja hadi mwilini badala ya kuteleza.

Dawa ya joto kwa mbwa wa namna hii ni chanuo. Manyoya ya ndani yaliyokwisha kufa yakibaki yamekwama, yanashikamana na kuwa kama blanketi lililoloa, na hapo kweli mnyama anateseka. Yakitolewa, hewa inapita hadi kwenye ngozi huku manyoya ya nje yakiendelea kuzuia jua. Kuyatoa kunahitaji utaratibu, kwa sababu kupitisha brashi juu juu kunang'arisha tu sehemu ya nje na kuacha uozo ukiendelea chini. Mlaze mbwa ubavu, tandaza kiganja cha mkono mmoja na usukume manyoya kuelekea kichwani hadi uone mstari wa ngozi, kisha kwa mkono mwingine uchane kutoka kwenye mstari huo kuelekea mkia, kidogo kidogo, ukisogeza kiganja kadiri unavyomaliza. Chanuo la chuma lenye meno marefu yaliyoachana ndilo linalofika ndani, na meno hayo yawe na ncha za mviringo ili yasikwaruze ngozi. Sehemu zinazosahaulika ni nyuma ya masikio, shingoni chini ya ukosi, kwapani, nyuma ya mapaja na kwenye shina la mkia, na ndiko mafundo yanakoanzia. Fundo likishajitokeza, lishike kwenye mzizi kwa vidole ili ngozi isivutwe, kisha ulifungue kuanzia nchani. Kulikata kwa mkasi ni hatari, kwa kuwa mara nyingi ngozi huwa imevutwa ndani ya fundo bila mtu kuiona.

Naomba hapa niseme neno kwa wenye nyumba. Katika nyumba nyingi za jiji hili anayeshinda na mbwa ni mlinzi au kijana wa kazi, ilhali aliyeambiwa namna ya kumtunza, kama aliambiwa, ni tajiri aliyemnunua. Mlinzi hununuliwa sabuni, hapewi chanuo, na hakuna aliyekaa naye hata mara moja akamwonyesha mstari wa ngozi niliouelezea. Halafu mbwa akianza kunuka, lawama ni zake. Hilo si haki, na linarekebishika kwa jioni moja ya kuelekezana.

Wapo wanaosema kwamba vitabu vinaelekeza kuchana kwa nguvu mara mbili tu kwa mwaka, mbwa anapobadilisha manyoya. Maelekezo hayo yanafaa kwa nchi za baridi. Kinachomwongoza mbwa kubadilisha manyoya ni hasa urefu wa mchana. Jijini Berlin tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka ni takribani saa 9, wakati hapa Dar es Salaam, tulio nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, tofauti hiyo haifiki saa moja. Kwa hiyo mbwa wetu hupukutisha manyoya kidogo kidogo karibu mwaka mzima, na anayesubiri msimu atasubiri sana. Mara mbili au tatu kwa wiki ndiyo kipimo ninachokiona kinafaa kwa mazingira yetu.

Kuhusu kuoga, mbwa aliyechanwa vizuri hahitaji kuogeshwa kila wiki, na mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo humtosha asipokuwa amejipaka uchafu. Achanwe kwanza ndipo aogeshwe, kwa sababu maji hukaza mafundo. Sabuni ya unga na sabuni ya mche za kufulia ni kali mno kwa ngozi yake, na hata shampuu ya binadamu haimfai, kwani imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko ya mbwa. La muhimu zaidi ni kumsuuza hadi maji yatoke meupe na kumkausha hadi kwenye ngozi, si kumfuta nje kwa taulo na kumwachia aende. Unyevunyevu unaobaki chini katika hali yetu ya hewa huzaa vidonda vibichi vyenye majimaji, ambavyo huweza kutanuka ndani ya saa chache kwa kuwa mbwa huvilamba na kuvikuna, na nzi wakitua hapo yanafuata mengine. Anayempeleka mbwa wake baharini amsuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

Manyoya mazito pia huwaficha kupe, na siku ya kuchana ndiyo siku ya kuwatafuta masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Nasikitika kwamba bado tunaona mbwa wakiogeshwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho, bila kipimo. Dawa hizo zikizidi humdhuru mbwa, naye huendelea kuzimeza anapojilamba. Kupe wa mbwa hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta wa banda, kwa hiyo kumwogesha mbwa na kuliacha banda ni kazi bure. Ushauri wa dawa na kipimo utoke kwa daktari wa mifugo.

Sisemi kwamba mashine ya kunyolea isimguse mbwa kamwe. Kuna upasuaji, kuna magonjwa ya ngozi, na kuna mafundo yaliyokwisha kuwa ngozi ya pili ambayo kuyachana ni kumtesa. Hayo yaamuliwe na daktari. Nje ya hapo, joto hukabiliwa kwa kivuli cha uhakika, maji safi yasiyokauka, sakafu ya baridi, na matembezi kabla ya saa moja asubuhi au baada ya jua kuzama, lami ikiwa imepoa. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, na likipita 41 maisha yake yako hatarini, awe amenyolewa au la.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini mnyoaji wa mtaani na muuza watoto wa mbwa hawahitaji kuogopeshwa kwa sheria ili watende vyema, wanahitaji kujua. Naomba anayeuza mtoto wa German Shepherd amkabidhi mnunuzi chanuo pamoja na kadi ya chanjo, na anayenyoa mbwa kwa kulipwa amuulize mteja sababu kabla ya kuwasha mashine. Nawe Mhariri, nakuomba uwaalike madaktari wa mifugo waandike juu ya utunzaji wa manyoya na ngozi katika gazeti lako mwezi Novemba, kabla joto halijaanza na mashine hazijatolewa kabatini.

Msomaji wako,
Mbezi Beach, Dar es Salaam