Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Cheti, Kanga na Mwiko wa Pilau

Wanachama wenzangu, wazee wetu mliojaaliwa kufika, na nyinyi vijana mliojiunga mwaka huu, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Hesabu atawasomea mweka hazina, na makabrasha mnayo mikononi, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nitasema jambo moja tu kwa kirefu: pesa za kuwafundisha watu wa dharura wa mji huu wa Mombasa kukabili shambulio la kigaidi. Jambo hili ndilo lililokula vikao vyetu mwaka mzima, ndilo lililotukosanisha na mfadhili mmoja, na ndilo tutakalolipigia kura leo kabla ya chakula. Jikoni wananiambia biriani iko tayari, basi tusivutane sana.

Nianze na zoezi letu la Likoni, la kuigiza siku ya shambulio. Waliokuwepo wanalikumbuka. Damu tuliipika wenyewe, uji mwepesi wa mhogo na rangi nyekundu ya chakula, na kamati ya kina mama iliipaka vizuri hata paka wa jirani akaja kuiramba. Kijana wa bodaboda alilala chini akiigiza majeruhi aliyekatwa mshipa wa paja. Mwokoaji wetu akapiga magoti, akafunga kanga pajani, juu kidogo ya jeraha, akatia bolpeni kwenye fundo ili aipindie kanga ikaze. Bolpeni ikavunjika. Akaomba nyingine, nayo ikavunjika. Mama mmoja akakimbia jikoni akaleta mwiko wa pilau, na mwiko ndio ulioshika. Mimi nilikuwa na saa mkononi: dakika nne na ushei. Aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja hana dakika nne za kuchezea. Kijana wa watu akainua kichwa akaniuliza, "Mwenyekiti, mimi nishakufa ama bado?" Tulicheka, lakini jibu kila mtu alikuwa nalo.

Mwokoaji yule ana cheti. Alikipata kwenye semina ya siku mbili, tena amekitia fremu sebuleni kwake. Semina ile ililipiwa na mfadhili, ikafanywa hotelini, na ukichukua bajeti yake ukaisoma mstari kwa mstari utaona zaidi ya nusu ilikwenda kwenye ukumbi, chai ya saa nne, chakula cha mchana na posho. Kilichobaki kilimlipa mkufunzi, aliyetuonyesha picha ukutani. Hakuna aliyefunga hata kitambaa. Wala simtupii mtu lawama, maana barua ya kukubali masharti niliitia saini mimi. Niliona pesa ni pesa.

Kosa la pili nalo ni letu. Tulinunua toniketi kumi, ile mikanda ya kubana mguu au mkono damu isitoke, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyekuwa na bei ya kutupa. Kwenye zoezi, nne kati yake zilikatika kijiti cha kupindia. Zilizosalia sizitaki zikae kwenye mkoba wa mtu yeyote hapa. Wenye kazi yao wanajua kwamba soko limejaa za bandia zinazofanana na halisi kama pacha, na hutajua ipi ni ipi mpaka ukaze kwa nguvu zako zote.

Sasa kuna wanaoniuliza, wengine humu humu chamani: mambo ya ugaidi si kazi ya polisi? Ni kazi ya polisi. Lakini polisi anakuja na bunduki, na akishammaliza mwenye silaha, aliyelala sakafuni bado anavuja damu. Agosti 7, 1998, Nairobi, watu 213 waliuawa kwenye shambulio la ubalozi wa Marekani, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliokuwa maofisini jirani walisikia kishindo kidogo kwanza, wakaenda dirishani kutazama. Mlipuko mkubwa ukawakuta pale, vioo vikawaingia machoni. Somo la "ukisikia kishindo kaa mbali na dirisha" halihitaji mfadhili. Linahitaji mtu wa kulisema shuleni, msikitini, kanisani, na kulisema tena mwakani. Na sisi wa Pwani hatuna haja ya kwenda Nairobi kutafuta mifano. Novemba 28, 2002, pale Kikambala, bomu la gari liliua watu 13 katika hoteli ya Paradise, wengi wao Wakenya wenzetu, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni.

Mafunzo yanayorudiwa huonekana yanapohitajika. Westgate, lile jumba la maduka la Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa na mzingiro ukachukua siku nne. Polisi wa Recce, kikosi chao maalumu, walikuwa wameshaingia, wanajeshi wakaja nyuma yao bila amri moja juu ya wote, risasi zikaenda kwa wenzao. Hoteli ya Dusit, Nairobi hiyo hiyo, Januari 15, 2019, watu 21 waliuawa, na kila mmoja wao alikuwa na kwao, lakini kazi iliisha chini ya saa 20 na zaidi ya watu 700 walitolewa wazima. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na miaka mitano ya kujifunza nani anaamuru na nani anamfuata.

Wenzetu wa mbali nao tumewasoma, maana katibu ametusumbua na makaratasi yao mwaka mzima. Paris, Novemba 13, 2015, madaktari wa dharura walikuwa wamefanya zoezi la mashambulizi ya sehemu nyingi asubuhi ya siku ile ile. Usiku likawa kweli, watu 130 wakauawa, lakini hospitali zilijua zifanye nini. Manchester, Uingereza, ni hadithi nyingine. Walikuwa na pesa, na mwaka mmoja kabla walikuwa na zoezi kubwa lililoonyesha wazi kwamba afisa mmoja wa polisi anabebeshwa kazi nyingi mno kwa wakati mmoja. Likaandikwa, likawekwa. Mei 22, 2017, bomu likaua watu 22 kwenye tamasha, afisa wa zamu akazidiwa vile vile, na wazima moto ambao kituo chao kiko jirani wakafika baada ya zaidi ya saa mbili. Mimi hii ndiyo iliyoninyima usingizi, kuliko ya kukosa pesa. Ndiyo maana orodha ya makosa ya Likoni imebandikwa mlangoni mwa ofisi, na haibanduki mpaka kila kosa lirekebishwe.

Tuje kwenye pesa zenyewe. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti ambulensi na zimamoto, na polisi ikawaacha kwa serikali kuu. Kwa hiyo siku ya shambulio watu wa bajeti mbili wanakutana kwenye lami moja, na aliyelipiwa kuwafundisha pamoja hayupo. Kuna wanaotaja mfuko wa dharura wa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inauruhusu, na imeuwekea kikomo cha asilimia 2 ya mapato, lakini ule hufunguliwa jambo likishatokea. Utanunulia mahema na blanketi, mafunzo hutayanunulia. Marekani, baada ya yaliyowakuta 2001, walianzisha mfuko wa miji mikubwa ambao tangu 2003 unagawiwa kila mwaka kwa kipimo cha hatari. Wingi wa pesa zao tuwaachie wenyewe. Ninachokionea mimi wivu ni hilo neno, kila mwaka.

Hapa nataka mnisikilize kidogo, maana tumekuwa tukikosea mlango. Kila Mei tunavaa fulana zetu, tunakwenda kwenye mkutano wa kaunti wa maoni ya wananchi juu ya bajeti, tunasema, tunapigiwa makofi, tunarudi. Kumbe makadirio huwa yameshapelekwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na viwango vya kila idara huwa vimechorwa kwenye waraka wa mkakati wa fedha unaotakiwa uwe umefika kule kabla ya Februari 28. Anayekwenda Mei anakuta sufuria limeshaepuliwa. Kamati imeandika ombi la ukurasa mmoja: fungu la kila mwaka la mazoezi ya pamoja ya zimamoto, ambulensi, polisi, Msalaba Mwekundu na vyama kama chetu. Tunalipeleka mapema, na nataka wanachama kumi wa kufuatana nami, si wawili kama mwaka jana.

Mji wetu una shida yake ambayo Nairobi hawanayo. Ni kisiwa. Majeruhi wa Likoni anayepelekwa Hospitali Kuu ya Pwani njia yake fupi ni kivuko, na ya pili ni kuzunguka Dongo Kundu. Kwenye zoezi ambulensi ilipewa nafasi ya mbele kama desturi, ila feri ilikuwa imeshang'oa nanga, ikabidi tuisubiri ivuke na kurudi. Na wale wenye majeraha madogo, tuliowatia kadi za kijani, hawakutusubiri. Walipanda tuktuk, wakawahi kwenye kivuko kabla ya wenye kadi nyekundu, wale walio mahututi. Ndivyo itakavyokuwa siku ya kweli. Hospitali itajaa wenye mikwaruzo na anayekufa atakuwa bado yuko ng'ambo. Nimeshaongea na wazee wa stendi ya tuktuk, na zoezi lijalo madereva watakuwa ndani ya mpango badala ya kuwa watazamaji.

Mfadhili wa semina alirudi na ofa nyingine, hoteli ile ile, siku tatu safari hii. Tuliomba pesa hizo hizo zigawanywe mazoezi manne ya uwanjani, bila posho. Tukajibiwa kwamba utaratibu wao unahitaji ukumbi na karatasi ya mahudhurio. Kamati ilikataa kwa kura, na nawaambia wazi kwamba mimi nilikuwa mnyonge kidogo siku ile. Kama mnaona tulikosea, semeni leo.

Pendekezo ni hili. Ada ipande kwa shilingi 50 kwa mwezi, na nyongeza hiyo isiguswe kwa jambo jingine lolote ila zoezi kila baada ya miezi mitatu na toniketi za kweli, moja moja kadiri mfuko utakavyoruhusu. Asiyejiweza alete kanga kuukuu tatu, zitahesabiwa ada.

Zoezi la kwanza ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, uwanja wa shule tuliofanyia zoezi la Likoni. Kila mtu aje na kanga moja na mwiko wake mwenyewe, wa mti mgumu. Ule wa Likoni nimeuosha mara tatu, rangi haijatoka yote, na mwenyewe anaudai.