Kigae cha Mutabora: Barua kwa mwanangu aliye Mashiko, Japani

Mwanangu Rehema,

Barua yako imefika Jumatatu. Mama yako aliisoma kwanza jikoni, kisha akaniletea uani bila kusema neno, nikajua kuna jambo. Sisi huku wazima. Bibi yako goti linamsumbua mvua zikianza, lakini sokoni bado anakwenda mwenyewe, hataki kutumiwa mtu.

Unasema sasa ni miezi 14 unakanda udongo, unafagia karakana na kupasua kuni, na kila kikombe ulichofinyanga mwalimu amekirudisha kwenye pipa bila kukueleza kosa liko wapi. Nimeelewa, na najua linauma. Lakini lililoninyima usingizi ni lile la mwisho, uliponiuliza mtoto wa Tanga anatafuta nini katika kazi ambayo wenzake wanahesabu babu hadi wa 14. Hilo ndilo nataka kukujibu leo. La kukanda udongo utalimaliza mwenyewe. Wenyeji wako wana usemi kwamba kukanda ni miaka 3, na ukiweza kulikunja donge likatoka na mikunjo kama petali za ua, bila hewa ndani, umeshajifunza kitu ambacho maneno yasingekufundisha.

Unajua kwamba mwaka 1986 nilipelekwa Nagoya miezi 9 kusomea mitambo. Jumapili nilikuwa sina pa kwenda. Mwenzangu mmoja wa bwenini akanionyesha treni ya Tajimi, na huko nikaanza mazoea ya kuzunguka kwa wauza vyombo. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vyenye kasoro ndiye aliyenitajia kwa mara ya kwanza jina la Arakawa Toyozo, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla. Kijapani changu kilikuwa cha kuombea maji. Akanisimulia kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, na mengine nimeyasoma baadaye kwa miaka mingi.

Arakawa alizaliwa hapohapo Tajimi mwaka 1894. Ilipofika 1930 alikuwa na miaka 36 na hakuwa na jina. Alikuwa ameajiriwa Kamakura kusimamia tanuru la Kitaoji Rosanjin, msanii mwenye sifa na mwenye maneno makali. Walikuja Nagoya kwa maonyesho, na huko akaonyeshwa bakuli la kale la chai la aina ya Shino: jeupe, mng'aro wake, ile rojo inayopakwa chombo kabla ya kuchomwa, mzito kama uji uliogandia, na chini ya weupe huo mchoro wa machipukizi ya mwanzi. Yeye akatazama kitako. Palikuwa na kipande kidogo cha udongo wa tanuru kimegandia, na rangi yake ilielekea wekundu. Kwa muda mrefu sana wajuzi walikuwa wakisema Shino yote ilichomwa Seto, mji mwingine wa wafinyanzi. Udongo ule haukuwa wa Seto.

Siku chache baadaye alikuwa kwenye vilima vya Ogaya, mahali paitwapo Mutabora, akifukua kwenye magofu ya tanuru la zamani. Akaokota kigae. Juu yake palikuwa na chipukizi la mwanzi, la namna ileile.

Hebu fikiri, mwanangu, kigae kile kilikuwa na maana gani. Shino ilichomwa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, kisha ikakoma. Hapakuwa na baba aliyemfundisha mwanawe, wala mwalimu mwenye daftari la siri. Hata mji wa asili ulikuwa umesahauliwa. Arakawa aliacha kazi, mwaka 1933 akahamia kulekule Ogaya, akajenga tanuru la namna ya kale lililozama nusu ardhini, na mwalimu wake akawa ni vigae. Alikuwa akivitazama na kuuliza udongo huu ulipigwa vipi, moto huu ulikaa muda gani. Matanuru yake ya kwanza hayakumpa alichokitafuta. Mwaka 1955, serikali ya Japani ilipoanza kuwatambua watu wanaobeba ufundi wa nchi, wale wanaoitwa Hazina Hai ya Taifa, yeye alikuwa mmoja wa wafinyanzi wanne wa kwanza, kwa ajili ya Shino na vile vyombo vyeusi viitwavyo weusi wa Seto.

Wewe unaiona jadi kama kamba isiyokatika tangu babu wa kwanza, na wewe umesimama nje yake. Mimi naona kamba ile imekatika mara nyingi, na waliofunga mafundo ni watu waliokuja na kigae mkononi. Hata kwenye koo kubwa. Kule Arita, ukoo wa Kakiemon ulisifika kwa kauri yenye weupe mwororo waliouita nigoshide, wakiufananisha na maji ya kuoshea mchele. Katika karne ya 18 weupe ule ukapotea, warithi wakaendelea kubeba jina bila kuwa nao. Ni Kakiemon wa 12 na mwanawe wa 13 waliohangaika kwa majaribio hadi wakaurudisha mwaka 1953. Walikuwa wenye jina, wenye nyumba, wenye tanuru, na bado walilazimika kuutafuta kama wageni. Kaneshige Toyo naye alizaliwa ndani ya ufinyanzi wa Bizen, akajulikana kwa vinyago vidogo vya ustadi mkubwa, kisha katikati ya maisha akageuka na kuanza kuutafuta upya moto wa mababu: vyombo visivyopakwa kitu, vinavyokaa kwenye moto wa msonobari kwa siku 10 na zaidi, vikitoka na majivu yaliyoyeyuka mabegani na michirizi myekundu pale vilipozungushiwa mabua ya mpunga.

Sitakudanganya kwamba milango yote iko wazi. Kuna Onta, kijiji kidogo milimani katika mkoa wa Oita, ambako nyumba za wafinyanzi ni takribani 10, na kila nyumba hurithisha mtoto mmoja tu. Wafinyanzi wa kwanza walifika hapo mwaka 1705 na wazao wao ndio hao. Udongo wao hupondwa na mto: gogo la msonobari limechongwa kijiko upande mmoja, maji yakijaa linainama, yakimwagika linarudi, na ncha ya pili inashuka kama mchi kwenye kinu. Usiku na mchana, kwa wiki kadhaa, hadi udongo ulainike. Hakuna anayeandika jina lake chini ya chombo. Maji ya mto ule yanatosha vinu vya nyumba zile tu, na gurudumu halizungushwi kwa umeme. Ungekwenda Onta kuomba uanagenzi wangekupa chai na kukuaga kwa heshima. Mimi naiheshimu sana Onta. Pale kamba haijakatika, na gharama ya kutokatika ni kwamba mgeni haingii.

Lakini wewe hauko Onta. Uko Mashiko, na nakuomba utazame vizuri mahali ulipo.

Hamada Shoji, unayepita mbele ya nyumba yake ukienda dukani, hakuzaliwa Mashiko. Alikuwa mtoto wa upande wa Kawasaki, akasoma kemia ya ufinyanzi katika chuo cha ufundi Tokyo, akafanya kazi Kyoto pamoja na Kawai Kanjiro wakipima michanganyiko ya mng'aro kwa maelfu. Mwaka 1920 alikwenda Uingereza na Bernard Leach, mfinyanzi Mwingereza, wakajenga tanuru St Ives. Lilipotokea tetemeko kubwa la Kanto mwaka 1923, akafunga safari ya kurudi, na mwaka 1924 akaingia Mashiko akikaribia miaka 30, msomi wa mjini aliyetoka Ulaya, katikati ya watu waliokuwa wakitengeneza mitungi ya maji, vinu vya kusagia ufuta na mabirika ya chai kwa ajili ya majiko ya Tokyo. Walimtazama kwa mashaka. Mashiko yenyewe ilikuwa changa: tanuru la kwanza liliwashwa 1853 tu. Na udongo wake si wa kusifiwa, wewe unaujua kuliko mimi.

Hakuagiza udongo mwingine. Alitumia uleule, na jiwe la hapo lililosagwa linalotoa rangi ile ya kahawia yenye wekundu uliyonitumia kwenye picha. Mmea wa muwa alioujua Okinawa, alipokwenda kukaa na wafinyanzi wa Tsuboya, aliuchora kwa brashi miaka na miaka, mistari michache tu, bila kuuchoka. Na vyombo vyake hakuviandika jina. Husimuliwa kwamba mgeni mmoja alimtazama akimwaga mng'aro kwa kata juu ya sahani kubwa, akashangaa kazi imekwisha kwa sekunde 15. Hamada akamjibu: ni sekunde 15 na miaka 60.

Na kabla ya kumsifu yeye pekee, muulize mwalimu wako kuhusu Minagawa Masu. Huyu alikuwa mama wa hapo aliyechora mlima, maji na mti kwenye mabirika ya chai, mamia kwa siku, tangu utotoni hadi uzee. Hamada na wenzake walipozungumza juu ya uzuri usiojitangaza, mkono kama wa mama yule ndio waliokuwa wakiufikiria. Mimi nikimfikiria, hayo malalamiko ya kurudia kazi ileile kila siku yananipungua nguvu.

Kisha kuna Shimaoka Tatsuzo. Huyu alitoka Tokyo. Baada ya vita, mwaka 1946, alikwenda Mashiko kuwa mwanagenzi wa Hamada, na alipojitegemea akajenga hapohapo jirani na mwalimu wake. Unaweza kuwazia uzito wa kufinyanga ukiwa jirani na mtu mkubwa namna ile. Baba yake alikuwa msuka kamba za hariri. Shimaoka akazichukua kamba, akaziviringisha juu ya udongo mbichi, alama zikabaki, akazijaza udongo mweupe na kukwangua juu. Ndiyo kazi iliyomfanya naye aitwe Hazina Hai ya Taifa mwaka 1996. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nafikiri juu ya yule baba na kamba zake. Sikuambii uviringishe ukili wa bibi yako kwenye bakuli. Hiyo ingekuwa kumwiga Shimaoka, na wateja wangekusifu kwa sababu zisizo sahihi. Alikaa miaka mingi kabla hajaijua kamba ya baba yake. Usiitafute yako mwaka huu.

Ulinigusia pia lile ulilosikia, kwamba zamani mwanamke hakuruhusiwa kukaribia tanuru. Ni kweli, imani hiyo ilikuwepo sehemu nyingi. Koyama Kiyoko, aliyezaliwa 1936, alianzia Shigaraki kwa kuchora majiko ya makaa ya udongo kiwandani, akaishia kuwasha tanuru lake mwenyewe la pango nyumbani, akilisha kuni siku baada ya siku hadi majivu yenyewe yakawa mng'aro. Hapo Shigaraki walikuwa na karne nyingi za ufinyanzi, na aliyeitafuta rangi ile ya kale kwa ukaidi ule alikuwa mwanamke aliyekuja kutoka Sasebo.

Mwisho nakutajia Obori, kwa sababu ni karibu nawe na ni jeraha la juzi. Wafinyanzi wa Obori Soma, kule Namie mkoani Fukushima, walikuwa na jadi ya miaka 300 hivi: vikombe vya kuta mbili, farasi anayekimbia, na mng'aro wa kijani-samawati wenye nyufa nyembamba zinazolia vikipoa. Machi 2011, baada ya tetemeko na ajali ya kinu cha nyuklia, waliondoka wote. Jiwe lililotoa rangi ile lilibaki nyuma ya vizuizi. Wakatafutiwa mchanganyiko mbadala, wengine wakawasha moto upya Nihonmatsu na kwingineko. Hao ni wenye babu wengi kuliko unaowaogopa, nao wengi wao wamelazimika kufinyanga kwenye udongo wa kugeni kama wewe. Tetemeko lilelile liliharibu tanuru la Hamada, lile lililojengwa likipanda mteremko. Mafundi wa Mashiko walilijenga tena, na mwaka 2015 wengi wao wakalijaza vyombo vyao na kuliwasha pamoja.

Ukitaka kurudi, nyumba ni yako na nauli nitaitafuta, hilo halina mjadala. Ukibaki, mwombe mwalimu siku moja akuachie kigae cha kikombe chako kilichoharibika kabla hakijarudi kwenye pipa, kikauke kidogo, ukikate katikati uone unene wa ukuta kutoka mdomoni hadi kitakoni. Nadhani kosa lako liko kitakoni. Picha zako zote umevipiga vikombe kwa juu.

Mama yako anakutumia kisanduku: iliki, majani ya chai na soksi. Ndani yake nimeweka kile kikombe kidogo cheupe cha Tajimi nilichonunua kwa yule mzee, ambacho utotoni ulikuwa ukiwekea vifungo. Nimekizungushia kanga kuukuu. Kina ufa mdogo karibu na mdomo, kwa hiyo usikitilie kitu cha moto.

Baba yako