Kipaza sauti cha kubana kwa ajili ya adungu yako

Kampala

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani Arua. Umeniuliza mnunue kipaza sauti gani cha kubana kwa adungu (kinubi) na endingidi (fidla ya uzi mmoja) za kikundi chenu, nami nakuomba usianze na bei bali na ngozi ya ala yenyewe. Katika harusi moja nilibandika pikapu ya kugusa, yaani kifaa kinachonasa mtetemo, juu ya ngozi ya adungu yangu, na kilichotoka kwenye spika kilikuwa kishindo cha vidole tu, huku ile sauti nene ya sanduku la mti ikiwa imepotea kabisa. Tangu siku hiyo natumia kipaza sauti kidogo chenye shingo ya kupinda, kinachoipokea sauti hewani.

Chagua kinachosikia upande mmoja. Aina iitwayo kadioidi ni kiziwi nyuma yake kabisa, ilhali ile iitwayo supakadioidi, kama kipaza sauti cha DPA 4099, ni kiziwi zaidi pembeni kwa nyuma, kwenye digrii kama 126 kutoka mbele, na nyuma kabisa bado husikia kidogo. Kwa hiyo spika ya kujisikilizia ikiwekwa nyuma yake moja kwa moja, mluzi wa sauti ya spika kurudi kwenye kipaza sauti haukawii kuanza. Kumbuka pia kwamba vipaza sauti vya namna hii huongeza besi kadiri unavyovisogeza karibu, na adungu kubwa ina besi ya kutosha. Anza kwa umbali wa shibiri moja, kisha sogeza kidogo kidogo huku mwenzako akisikiliza kutoka mwisho wa ukumbi.

Kibanio ndicho kitakachokusumbua zaidi. Kile cha fidla kimetengenezwa kwa ubavu mwembamba, wala hakitashika mviringo wa endingidi, na ngozi ya kenge usiiguse hata kidogo. Bana kwenye fimbo, mbali na njia ya upindi, ukitanguliza kipande cha tyubu ya baiskeli ili mti usichubuke na mtetemo upungue.

Hakikisha mikisa yenu, yaani mashine ya kuchanganya sauti, inatoa volti 48 za kuendeshea kipaza sauti. Mkitumia kisichokuwa na waya, kisanduku cha kiunoni kinachorusha sauti hakitoi umeme huo, hivyo mtahitaji adapta inayolingana nacho.

Nikija mwezi ujao nitakuletea changu, ukijaribu siku mbili kwenye adungu kubwa kabla hamjalipa chochote.

Wako daima,
Rafiki yako