"Bromini imeonekana" haitoshi

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya ukurasa wa mbele, iliyosema mashine imegundua "sumu ya bromini" kwenye samaki, nimeisoma mara mbili nikitafuta jina la hiyo sumu. Sikuliona. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kuihudumia mashine ya namna hiyohiyo, kromatografu ya gesi, yaani chombo kinachotenganisha kemikali zilizochanganyika, na naomba nafasi nieleze kwa nini jina lile ndilo lililokuwa habari yenyewe.

Bromini kukutwa ndani ya samaki wa baharini si ajabu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 65 za bromidi (bromini iliyo katika hali ya chumvi), na sifongo na baadhi ya mwani huunda wenyewe kemikali zenye bromini. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima mafuta ya nyangumi. Walikuta kemikali mbili zinazofanana mno na zile za viwandani, wakazichunguza kaboni yake, na kumbe ilikuwa na kaboni-14, kaboni yenye mionzi ambayo viumbe hai huwa nayo na ambayo huoza polepole kadiri miaka inavyopita. Kemikali ya kiwandani inayotokana na mafuta ya petroli haina kaboni hiyo, maana petroli imekaa ardhini muda mrefu mno hadi kaboni-14 yake yote imekwisha. Kwa hiyo zile mbili ziliundwa na viumbe hai, hakuna kiwanda cha kulaumu.

Za viwandani nazo zipo tele. Zilitiwa kwenye maganda ya televisheni na kompyuta na kwenye sponji za makochi ili zisishike moto upesi. Kundi maarufu ni PBDE (difenili etha zenye bromini), lenye aina 209. Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zisizooza upesi, uliziingiza baadhi kwenye orodha ya kutokomezwa mwaka 2009, na ile yenye atomu kumi za bromini ikafuata 2017.

Sasa njoo kwenye mashine. Mafuta ya samaki yakishasafishwa kwa asidi ya salfuriki, tone dogo linaingizwa kwenye mrija wenye urefu wa mita 30 hivi na upenyo wa robo ya milimita, uliozungushwa ndani ya tanuri. Gesi ya heliamu inazisukuma kemikali, na kwa kawaida zenye bromini chache hutangulia kutoka. Mwishoni kuna kigunduzi, na hapo ndipo mwandishi wenu alipopaswa kuuliza: kigunduzi gani? Kile cha kunasa elektroni, alichobuni James Lovelock mwaka 1957, kina hisia kali ajabu, lakini hupiga kelele hata kwa klorini. Dawa za zamani za wadudu zinaweza kujipenyeza hapo zikahesabiwa kuwa bromini.

Spektrometa ya masi, kigunduzi kinachopima uzito wa molekuli na vipande vyake, ni mambo mengine. Bromini ina isotopu mbili, yaani atomu za uzito tofauti kidogo, 79 na 81, zinazokaribiana sana kwa wingi, hivyo kwenye skrini unaona mistari miwili iliyolingana kimo. Ukiiona hiyo huna shaka tena kuwa ni bromini. (Miaka yote hii bado nafurahi ikitokea.) Ila maabara nyingi huhesabu ayoni (atomu zenye chaji) za bromini hizo mbili tu, bila kuangalia molekuli zilikotoka, kwa sababu ndiyo njia nyepesi ya kufikia viwango vidogo kabisa, na hapo ni kama kutangaza kwamba mwizi ana ndevu.

Chukua BDE-154, mojawapo ya PBDE, na BB-153, ya kundi jingine la viwandani liitwalo PBB. Kila moja ina bromini sita, na kwenye mrija unaotumika zaidi hutoka pamoja, dakika ileile. Zinatofautiana kwa atomu moja ya oksijeni: moja ina masi ya 644, nyingine 628. BB-153 ndiyo iliyokuwa kiungo kikuu cha kemikali iliyochanganywa kimakosa kwenye chakula cha ng'ombe huko Michigan, Marekani, mwaka 1973, wakaangamizwa ng'ombe kwa maelfu. Anayehesabu 79 na 81 peke yake hawezi kuzitenganisha. Inabidi apime molekuli nzima au abadilishe mrija.

Hata "haikuonekana" ina mambo yake. Ile PBDE yenye bromini kumi haivumilii joto. Ikikaa muda mrefu kwenye tanuri la nyuzi 300 huvunjika kabla ya kufika kwenye kigunduzi, ndiyo maana tunaipima kwa mrija mfupi wa mita 15 au pungufu. Mwanga nao huinyang'anya bromini, hivyo chupa zetu ni za rangi ya kahawia na tunazifunga kwa karatasi ya alumini. Vumbi la kompyuta za maabara yenyewe lina kemikali hizohizo, kwa hiyo kila kundi la sampuli hupitishwa pamoja na sampuli tupu, isiyo na samaki ndani. Habari yenu haikugusia sampuli tupu hata kwa sentensi moja.

Simtetei mchafuzi yeyote. Samaki wale huenda kweli wana PBDE, na kama wanazo, wasomaji wana haki ya kujua ni ipi na kwa kiasi gani. Mrudisheni mwandishi wenu maabara akaombe majina ya kemikali, aina ya kigunduzi, urefu wa mrija na matokeo ya sampuli tupu. Yote hayo huwa yameandikwa kwenye ripoti. Ni suala la kufungua kurasa za nyuma.

Na ile picha mliyoipamba nayo habari ni ya darubini. Kazi hii hatuifanyi kwa darubini.

Mchambuzi wa kemikali, maabara ya mazingira