Ucheshi wa Shakespeare uchezwe bustanini, tena alasiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi na kwa vikundi vyetu vya maigizo: tamthilia za kale za ucheshi zichezwe nje, katika bustani za umma, kwa Kiswahili, na katika miezi inayofaa.

Nataja miezi kwa makusudi. Huko London, ambako ukumbi wa wazi wa Regent's Park umekuwapo tangu 1932, Juni na Julai ni majira ya joto na jua huchwa karibu saa tatu usiku au baadaye, hivyo mtu hutoka kazini, akala, kisha akaketi kutazama mchezo kungali kweupe. Julai yetu ni ya sweta na manyunyu, na jua huchwa kabla ya saa moja mwaka mzima. Kiangazi cha Nairobi ni Januari na Februari, na saa yake ni alasiri. Waigizaji wa enzi za Shakespeare wenyewe walicheza mchana, wakitegemea mwanga wa jua. Mchezo ukianza saa nane Jumamosi, kufikia saa kumi na moja watazamaji watakuwa wanaelekea steji ya matatu, kabla nauli haijapanda.

Wapo watakaosema kwamba Shakespeare ni wa wasomi. Mwaka 2012, katika tamasha lililokusanya tamthilia zake 37 kwa lugha 37, waigizaji wa Afrika Mashariki walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London. Humo Falstaff, mzee mnene aliyeishiwa, anawaandikia wake wawili wa watu barua za mapenzi zilizo sawa neno kwa neno, majina tu ndiyo tofauti, asijue kwamba wanawake hao ni marafiki wasiofichana kitu. Wanamkomesha. Mume mwenye wivu anapokaribia, Falstaff anasukumwa ndani ya tenga la nguo chafu zinazonuka jasho, anafukiwa humo, anabebwa na watumishi mbele ya macho ya mume huyo, kisha anatupwa majini kando ya mto Thames. Ni nani Kayole au Kangemi atakayehitaji shahada ili acheke? (Mimi humhurumia kidogo yule mume, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Maandishi hatukosi. Mwalimu Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, mwaka 1969, ingawa ningeshauri tuanze na Falstaff, kwa kuwa kesi ya Shylock, Myahudi mkopesha fedha wa tamthilia hiyo, haichekeshi tena kama ilivyowachekesha wa kale.

Watazamaji nao wapo. Katika bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906, wachekeshaji huzungukwa na umati saa ya chakula cha mchana. Mchekeshaji hodari hukatiza kisa penye utamu hasa, akapitisha kofia, na hamalizi mpaka asikie sarafu. Mwigizaji aliyezoea ukumbi wenye taa na kimya ana mengi ya kujifunza hapo, hasa namna ya kushindana na honi za magari na kipaza sauti cha mhubiri wa jirani.

Wala ukumbi wa wazi si jambo geni kwetu. Wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walijijengea wao wenyewe mwaka 1977, na polisi wakaubomoa 1982. Kwa kukumbuka hayo, naomba idhini ya kaunti iwe ya maandishi na ya msimu mzima, isitegemee hisani ya askari atakayekuwa zamu langoni siku hiyo. Kiingilio kiwe bure na kofia ipitishwe, na ada ya kutumia bustani iondolewe kwa mchezo wowote usiotoza watu. Idhini hiyo ikitolewa kabla ya Novemba, vikundi vitapata muda wa kutosha wa mazoezi kabla ya Januari.

Mpenzi wa maigizo,
Buruburu, Nairobi